Mama Safiya na Chombo Kilichosubiri Mvua

Leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Kuruthumu Jumaa, ambaye sote tunamwita Mama Safiya, anastaafu baada ya kulitumikia Duka la Hisani la Misheni hapa Meru kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Sherehe inaanza saa nane na nusu, baada ya swala ya Ijumaa, kwa sababu bila yeye hakuna sherehe, na yeye bila swala haji popote. Mimi Antony, niliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na mmoja, niliombwa niandike wasifu wake kwenye ukurasa mmoja. Nimeshindwa, na ninaomba radhi kwa aliyelipia karatasi.

Kwa wageni ambao hawatujui: duka letu huuza vitu vilivyokwisha kutumika, na faida huenda kwenye wodi ya watoto. Tuna vitanda, makabati, masweta na vitabu vya sala. Lakini kwenye ukuta wa nyuma, pale jua la alasiri linapofika likiwa limechoka, kuna rafu tatu za vyombo vya udongo kutoka Italia. Mapadre, masista na mafundi waliokuja kujenga makanisa na kuvuta maji katika miteremko hii walivifunga ndani ya mablanketi yao, zawadi za mama zao na dada zao. Baadaye wenyewe walirudi kwao au wakazikwa hapa hapa, na vyombo vikabaki. Si vyombo vya kiwandani. Kila kimoja kilitoka mkononi mwa mfinyanzi mmoja, katika karakana yake ndogo, na wapo watu wanaotoka Nairobi na hata ng'ambo kuja kuvitafuta. Wakiingia dukani huwa wanauliza jina moja tu, la Mama Safiya.

Alizaliwa mtaa wa Majengo, binti wa mchinjaji Mzee Jumaa Khalifa, ambaye watu wanasema alikuwa akipima kilo ya nyama kwa kiganja na mizani ikaja kukubali baadaye. Binti alirithi kiganja hicho. Aliajiriwa Agosti 1991 kama msafishaji, akiwa na miaka ishirini na sita na kanga mbili mpya. Siku yake ya tatu kazini ndiyo iliyomfanya awe huyu tunayemuaga leo, kwa hiyo nitaieleza kama alivyonieleza yeye, akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Padre Remigio alikuwa ametuachia vyombo kumi na tisa kabla ya kurudi kwao. Kuruthumu aliambiwa avipanguse vumbi. Sasa, kila mtu aliyelelewa huku anajua jinsi mama wa nyumba anavyopimwa. Vyombo vikishaoshwa hupangwa kwenye kichanja nje, matako juu, na anayepita njiani husoma nyumba nzima kwa matako ya sufuria. Zikiwa nyeusi, wenyewe ni wavivu. Zikimeta, hapo kuna mwanamke. Kuruthumu hakutaka kusemwa. Alichukua majivu, akachukua waya ya kuoshea, akavipindua vyombo vyote kumi na tisa na kuvisugua chini kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Vikaratasi vilivyobandikwa alivibandua. Maandishi ya wino na ya brashi, yale ya kukunjakunja ambayo alidhani ni uchafu wa safari, aliyasugua mpaka udongo ukawa mweupe.

Sista Igoki, aliyekuwa msimamizi wetu wakati huo, alitoka ofisini akavikuta vimepangwa juani, matako juu, vikimeta. Akakaa kwenye jiwe.

"Kuruthumu," alisema, "umeosha majina."

Kwani chombo cha mfinyanzi hutiwa sahihi chini. Pale chini ndipo penye jina lake, labda mwaka, labda mji. Bila hayo ni chombo kizuri tu kisicho na mama wala baba. Saba kati ya vile vilikuwa vimechorwa jina kwa msumari kabla ya kuchomwa, na hayo waya haikuyaweza. Kumi na viwili vilibaki bubu. Kuruthumu alikwenda kuchukua kanga yake ya pili ili aondoke, akijua amefukuzwa. Sista Igoki alimnyang'anya ile kanga. Akamwambia kwamba aliyeyaosha majina ndiye atakayeyatafuta, na kwamba hatamwambia mtu yeyote. Akafungua rejista mpya na, kwenye safu ya mfinyanzi, akaandika mara kumi na mbili neno moja: Hajulikani.

Hivyo ndivyo msafishaji alivyogeuka kuwa mwanafunzi. Alimwomba Sista amfundishe kusoma herufi za mkono za Kiitaliano. Aliandika barua zisizo na idadi kwenda Italia, akiweka picha ndani. Nyingi hazikujibiwa. Mimi nilipoletwa mwaka wa 2014 kusaidia na kompyuta, nilidhani nitamfundisha kitu. Siku ya kwanza alinipa jagi la manjano, akaniambia nifumbe macho na kuingiza mkono.

Nakumbuka mchana ule. Duka lilikuwa kimya, adhana ilikuwa imetoka kuisha, na vidole vyangu vilikuwa ndani ya giza la jagi vikipita juu ya mistari midogo inayozunguka na kupanda. Akaniambia kwamba hivyo ni vidole vya mtu. Amekaa kwenye gurudumu la kufinyangia, asubuhi fulani, mahali ambapo mimi sitafika, na anavuta udongo kwenda juu. Chombo cha kalibu, kilichomiminwa kwenye umbo la kiwandani, hakina mistari hiyo. Ndani yake ni laini na nje kina mshono. Nilikaa na mkono mle ndani mpaka akaniuliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuamka vizuri.

Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Neno Italy likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, chombo kilitengenezwa ili kiuzwe nje. Padre aliyenunua kwao hakuhitaji kuambiwa yuko Italia, kwa hiyo vile vya masanduku ya mapadre mara nyingi vina jina la mfinyanzi tu. Ukipiga kwa kucha na sauti ikakauka haraka, pana ufa. Na kama hujui iwapo udongo wa chini umechomwa sana au kidogo, ulambe. Uliochomwa kidogo hushika ulimi. Mama Safiya hulamba kwa heshima kubwa, akiwa amefumba macho. Isipokuwa Ramadhani. Mwezi wa Ramadhani kazi ya kulamba huwa yangu, na wateja wengi wamenikuta nikiwa na bakuli usoni. Sikuwahi kuwaeleza, na nadhani baadhi yao huniombea hadi leo.

Jumamosi tulikuwa tukitoka na Vincent, dereva wetu, kutafuta. Siku za soko tulipita Kanyakine, Runyenjes, Kianjokoma, tukiangalia vibanda vya vitu vikuukuu. Zaidi tulitembelea nyumba za waliokuwa wapishi, makatekista na maseremala wa misheni, kwani Waitaliano walipoaga waliwagawia vitu vyao. Tumekuta kisahani cha majivu ya sigara kikiwa kimebeba sabuni, na chombo kirefu cha maua kikiwa kimesimamisha mipini ya majembe. Mara nyingi kitu kama hicho kilikuwa pacha wa kimoja cha rafuni kwetu, na jina lake lilikuwa bado lipo. Hivyo majina yalirudi, moja baada ya jingine.

Alikuwa na sharti moja lililokuwa likitutesa sana mimi na Vincent. Hakununua kitu kabla ya kumwambia mwenyewe ni kitu gani. Kule Kanyakine, Mama Purity alikuwa akinyweshea kuku maji kwenye bakuli lenye samaki wawili wa buluu, kazi ya mkono kabisa, sahihi chini, saa tatu za kuzunguka zimepata malipo yake. Mama Safiya akamweleza yote, taratibu, pamoja na jina la mfinyanzi. Mama Purity akasikiliza mpaka mwisho, akawamwagia kuku maji kwenye beseni la plastiki, akaliosha bakuli kwa viganja na kulifungia kabatini. Tulirudi Meru tumeshiba chai na hatuna kitu kingine.

Kufikia mwaka huu, majina kumi na moja kati ya kumi na mawili yalikuwa yamepatikana. Kilibaki kimoja. Ni chombo kirefu chenye mdomo mpana, rangi yake ni ya majani ya chai yaliyolowa, na mwilini kimechanwa mistari kwa kitu kama kichana. Hapa dukani tunakiita Mgeni. Amewahi kutakiwa na wanunuzi wengi, na Mama Safiya amewakatalia wote, akisema hawezi kumtoa mtu nyumbani bila jina lake. Alasiri nyingi nilimkuta amekaa mbele yake, jua limewafikia wote wawili, mkono wake ukiwa ndani ya chombo hadi kwenye kiwiko. Alisema alikuwa akimsikiliza. Nami nilipunguza sauti ya redio.

Mwezi wa Juni barua ya kustaafu ilipokuja, aliisoma, akaikunja, akaenda kukaa na Mgeni. Aliporudi mezani aliniambia waziwazi kwamba haogopi kuzeeka wala kukaa nyumbani. Anaogopa neno moja lililobaki kwenye rejista. Akiondoka na lile neno bado lipo, alisema, basi atakuwa bado yuko kwenye ile siku ya tatu, ana waya mkononi.

Halafu mwezi wa Agosti aliingia dukani Mzee Gichovi wa Kianjokoma, akitafuta kitanda cha mjukuu. Marehemu baba yake ndiye aliyemchongea Padre Remigio milango ya kanisa. Akapita mbele ya rafu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii si ndugu ya ile ya mbegu ya Mukami?" akauliza.

Mama Safiya alikaa chini kwenye kitanda kilichokuwa kinauzwa. Juma lililofuata tulikuwa Kianjokoma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na hatukuona Mlima Kenya, ila baridi yake tuliisikia. Mukami, mkewe Gichovi, alitupeleka stoo. Pale, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, alikaa pacha wa Mgeni, mistari ile ile, rangi ile ile. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa jani na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Ndani yake mlikuwa na maharagwe ya mbegu yaliyochanganywa na majivu, kama familia ile ilivyoweka mbegu tangu siku Padre alipowapa.

Nilipendekeza tukiinue kidogo, tuchungulie chini, dakika moja tu.

"Hapana," Mukami alisema. "Hiyo haisongeshwi. Ukitingisha, majivu inateremka, fukusi wanaingia. Itafunguliwa mvua ikikuja. Hata akuje Askofu."

Nilimgeukia Mama Safiya nikitarajia aniunge mkono. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyetema mate msikitini. Akamwambia Mukami kwamba ana haki, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuharibu vitu vizuri kwa haraka, na kwamba tutasubiri. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kinyesi, kwa upole sana, na tukarudi.

Mvua za vuli huko huanza katikati ya Oktoba. Mwaka huu hazikuanza. Tarehe kumi na tano ilipita na jua, ishirini ikapita na vumbi. Nadhani hakuna ofisi katika Kenya hii iliyowahi kuangalia mbingu kama yetu. Vincent alimpigia Gichovi simu kila asubuhi kuuliza mawingu yamekaaje. Mama Safiya hakuuliza. Alimaliza kunifundisha rejista, akafua vitambaa vya rafu, akapanga funguo. Siku moja nilimwambia kwamba hata akiondoka, mimi nitakwenda kuangalia na nitamletea jina nyumbani. Akaniambia asante, mwanangu. Macho yake yalisema kwamba si sawa, na ilikuwa kweli, haikuwa sawa.

Mvua ilinyesha Jumapili alasiri, tarehe 26. Jumatatu asubuhi Mukami alipiga simu mwenyewe: "Mama Safiya, kujeni kesho na nguo ya shamba. Tunapanda."

Jumanne tulipanda kweli. Hatukuruhusiwa kukaa kama wageni. Gichovi alichimba, sisi tukafuata tukidondosha maharagwe mawili mawili, udongo ukinuka ule unyevu unaomfanya mtu asahau alikuwa akiwaza nini. Mama Safiya, pamoja na magoti yake mabaya, alipanda mistari sita. Mbegu zilikuwa zikitoka katika kile chombo, kikombe kwa kikombe, na kila kikombe alikifuata kwa macho. Saa sita chombo kikawa kitupu.

Sasa, Mukami ni mama safi. Alikitazama chombo chake, majivu kila mahali, vumbi la miaka sitini kwenye tako lake, akaona haya mbele ya wageni kutoka mjini. Tukiwa bado mwisho wa shamba, tulimwona amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni. Kando yake kopo la maji. Mkononi ana waya ya kuoshea. Na chombo amekilaza mapajani, anakipindua.

Sijawahi kumwona Mama Safiya akikimbia. Ana miaka sitini. Alikimbia akikata shamba katikati, akakanyaga mistari miwili aliyoipanda mwenyewe, kanga imemwanguka mabegani.

"Wacha! Mama, wacha! Usioshe!"

"Lakini ni chafu," Mukami alisema, waya ikiwa hewani.

"Iache chafu. Nakuomba. Iache hivyo hivyo."

Alifika, akakaa chini kwenye matope, akakipokea chombo kama mtu anavyopokea mtoto aliyelala. Akapuliza. Akapangusa kwa ncha ya leso, pumzi kidogo, leso kidogo. Sisi tulisimama. Yakaanza kutokea maandishi ya brashi, ya kahawia, yaliyokunjamana, yale yale ambayo mtu angedhani ni uchafu wa safari. Akayasoma herufi moja moja, kwa sauti, kidole chini ya kila moja: Delfina Zorzan, 1958. Na pembeni, kwa udogo, namba 2.

Vilikuwa viwili, basi. Mgeni wetu alikuwa wa kwanza. Mama Safiya alilirudia jina lile mara nyingi, taratibu, na lilikuwa zuri kulisikia huku matone yakidondoka kutoka migombani. Nililia kidogo. Vincent atawaambia nililia sana, msimsikilize.

Alimweleza Mukami chombo ni kitu gani, kazi ya nani, na kwamba wapo watakaosafiri mbali kukitaka. Mukami aliuliza swali moja tu, kama bado kitaweka mbegu zikiwa kavu. Akaambiwa ndiyo. Basi akakirudisha stoo, juu ya ngata, bila kukiosha.

Kabla hatujaondoka, Mama Safiya alimpigia simu Sista Igoki, ambaye sasa ana miaka themanini na minane na anapumzika kwenye nyumba ya masista. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo Kianjokoma yote ilisikia jina la Delfina. Kisha sauti ndogo kwenye simu ikasema, "Haya, Kuruthumu. Sasa umemaliza kuosha."

Jumatano asubuhi alifungua rejista, akalikata neno Hajulikani la mwisho kwa rula, na juu yake akaandika jina. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaongeza chini kwa mwandiko wake wa wima: "Alama ilioshwa na Kuruthumu Jumaa, Agosti 1991. Imetafutwa na yeye mwenyewe, ikapatikana Oktoba 2025." Siri ya miaka thelathini na minne ilikuwa yake na ya Sista, na yangu tangu aliponisimulia. Juzi aliniambia niiandike hapa leo, ili msafishaji mpya akija asome na asiogope. Naye Mgeni anabaki rafuni akiwa na jina lake, na hauzwi.

Mama Safiya, wafanyakazi wenzako wanakushukuru. Umetufundisha kupindua kitu kabla ya kukihukumu, na kuwa na subira na vilivyozibwa. Wodi ya watoto ina vitanda ambavyo vimetokana na vidole vyako. Mukami amekutumia kikombe cha mbegu zile zile, na bintiyo Safiya ameshatuambia umezipanda kwenye debe nyuma ya nyumba, Majengo, na kwamba unazichungulia kila alfajiri. Ziote vizuri. Mungu akupe afya, magoti yenye adabu, na alasiri ndefu zisizo na kengele ya kazi.

Jambo moja la mwisho. Baada ya pilau ya leo zitabaki sufuria nne kubwa, nyeusi kabisa chini, na tunakujua, hutaweza kukaa kimya. Majivu yako jikoni, na waya nimekununulia mpya. Zipindue, Mama, uzisugue mpaka ujione uso. Hizo hazina majina.